Baba, Wale Si Samaki Wako

Baba,

Nimefunga madirisha yote hapa Kilimani ingawa kuna joto, kwa sababu jirani wa chini anakaanga samaki na mimi siwezi tena kustahimili harufu hiyo. Nimejaribu chai ya tangawizi, imenishinda. Nimejaribu kulala, nikaamka na ladha ya kitu kilichooza mdomoni. Basi nimechukua kalamu. Kila mtu niliyejaribu kumweleza yaliyotokea nyumbani ameniambia niyaache yapite, eti ni samaki tu. Anti Wairimu, dada yako mwenyewe, aliniambia hivyo huku akijichokonoa meno. Wewe ndiye mtu pekee ambaye hawezi kuniambia ni samaki tu, kwa hiyo utanisikiliza wewe.

Nianze na mazuri, maana ni machache. Lile tangi la vioo ulilonisaidia kupandisha hapa kwangu liko salama. Unakumbuka siku ile lifti ilikuwa imekwama, na wewe, uliyetengeneza lifti za maghorofa ya Upper Hill tangu ujana wako mpaka ukastaafu, ukapanda ngazi na tangi begani ukiwalaani mafundi wa siku hizi kwenye kila orofa tuliyofika. Wale samaki wadogo wenye mikia mipana bado wanazaana bila haya. Kazi yangu katika duka la miwani kule Parklands inaendelea. Afya ninayo, ukiacha tumbo.

Mengine yote yanachukiza.

Baada ya kukuzika, Njoroge alihamia nyumba kubwa pamoja na mkewe Nyambura. Sikupinga. Yeye ndiye kifungua mimba wako, ana familia, na mimi nina kwangu. Tulikaa sebuleni, Anti Wairimu akiwa shahidi, tukakubaliana kwamba nyumba ni yake na kidimbwi nitakitunza mimi. Kila Jumamosi ningetoka Kilimani nije Riruta nisafishe chujio, nipunguze maji, niongeze mengine, niwalishe samaki wako. Njoroge alikubali haraka, kama mtu anayekubali kumwachia mtoto kitu cha kuchezea. Sikujali alivyokubali. Nilijali kwamba alikubali.

Baba, kidimbwi kile ndicho kilichokurudisha kwetu. Hilo Njoroge hakuliona kwa sababu alikuwa shule ya bweni. Mimi nilikuwepo. Mama alipotutoka ulinyamaza mwaka mzima. Ulikwenda kazini, ukarudi, ukala, ukalala. Halafu siku moja ukatoka na jembe ukaanza kuchimba chini ya mparachichi, na majirani wakadhani unachimba choo kipya. Hukuwaeleza. Mimi pia hukunieleza mpaka ulipokuja na Anko Harilal, ambaye ulikuwa umemtengenezea lifti katika jengo lake la Parklands, na katikati yenu kwenye kiti cha gari kulikuwa na mifuko mikubwa ya plastiki iliyojaa maji na hewa. Ndani yake mlikuwa na koi wadogo, wale samaki wa mapambo wenye madoa, hawajafika hata urefu wa kiganja changu. Anko Harilal alikuwa amewatoa katika kidimbwi cha bustani yake mwenyewe. Alikaa nasi mpaka mifuko ikazoea joto la maji, akala biskuti zote nilizomtengea, akalalamika kwamba ni chache.

Ni hapo ulipoanza kuongea tena. Uliongea kuhusu maji. Ulinionyesha mapipa uliyoyapanga ukutani na ukanieleza kwamba maji ya mfereji yana dawa ya kuua vijidudu, na dawa haijui kuchagua, kwa hiyo lazima yakae wazi mpaka dawa itoke. Ulichota maji ya kidimbwi kwa kiganja ukayanusa, ukaninusisha na mimi. "Maji mazuri hayana la kusema," ulisema. Nilicheka. Nilikuwa sijakusikia ukisema kitu cha kuchekesha tangu mazishi ya Mama.

Wakakua. Yule mweupe mwenye doa jekundu kichwani ukamwita Askofu, kwa sababu alitangulia mbele na wengine wakamfuata. Yule mweupe mtupu ukamwita Bibi Harusi. Yule mwenye madoa meusi kama aliyemwagikiwa wino ukamwita Karani. Walikuwa wakisikia hatua zako tu wanakuja ukingoni na midomo wazi. Askofu alikuwa akinyonya kidole chako kama ndama. Na wewe, mtu mzima mwenye mvi, ulikuwa ukimwambia, "Polepole, Askofu, hiki si chakula."

Ulipolazwa hospitalini Upper Hill na ukawekewa ile mashine ya kupumulia, hukuweza kuongea tena. Nilikuwa nikisimama ukingoni mwa kidimbwi nikikupigia simu ya video, na muuguzi wa wodini anakushikia yako mbele ya macho. Muuguzi huyo aliniambia kwamba kila Askofu alipopita mbele ya kamera ulikuwa ukiinua kidole kimoja kutoka kwenye shuka. Nimebaki na kidole hicho, Baba. Hicho ndicho ulichoniaga nacho.

Sasa nikueleze walichofanya.

Njoroge anataka kiti. Anataka kuwa mwakilishi wa wadi. Sijui aliyatoa wapi hayo mawazo, ila ghafla nyumba yako ikawa haikosi wageni. Wanaume wenye vitambi na simu mbili mbili, wakija Ijumaa jioni, wakiondoka wameacha nyasi zimelala. Alijenga jiko la kuchomea nyama karibu kabisa na kidimbwi, ili wageni wakae mahali pazuri. Akaning'iniza taa za rangi kwenye mparachichi. Akaleta simba wa saruji, Baba, simba mwenye mdomo wazi na bomba kooni, anatapika maji ndani ya kidimbwi usiku na mchana.

Jumamosi nikija nilikuta mifupa chini ya maji. Mifupa ya mbuzi, imekwanguliwa na meno ya watu. Vifuniko vya soda. Vijiti vya meno. Juu ya maji kulikuwa na utando wa mafuta kama supu iliyopoa, na Karani alikuwa akipita chini yake akifungua mdomo, akimeza, akitema. Siku moja nilimtoa mdomoni kipande cha sigara. Siku nyingine nilifika mapema wageni wakiwa bado wapo, na mmoja wao alikuwa amechuchumaa akimmiminia Bibi Harusi bia kichwani, wenzake wakishika mbavu kwa kicheko. Nilikunja mikono ya blauzi nikaanza kuchota uchafu mbele yao. Njoroge akaja akanishika bega akaniambia, "Wambui, hili si kanisa. Ni bwawa." Nilinawa kwa sabuni mpaka viwikoni, nikanawa tena. Mafuta yale hayakutoka. Nilikuwa nikiyasikia kwenye ngozi mpaka Jumatatu, nikiwapima watu macho na kuogopa kuwagusa uso.

Bila shaka maji yakageuka kijani. Nilibadilisha nilivyoweza, nilisugua mawe, nilimwomba ahamishe jiko. Alisema atalihamisha baada ya kumbukumbu.

Kumbukumbu yako, Baba. Mwaka mmoja. Mimi nilitaka ibada ndogo, uji na mkate, watu waliokujua. Njoroge alitaka hema, vipaza sauti, mpiga picha, na jiwe la kuzindua. Jiwe lenyewe lilikuwa jeusi, limechongwa maneno ya dhahabu: Kidimbwi cha Kumbukumbu ya Mzee Mwangi, Kimezinduliwa na, halafu jina la Njoroge kwa herufi kubwa kuliko lako.

Nilifika Jumamosi asubuhi na maua. Nilikwenda moja kwa moja kidimbwini kama kawaida, nikasimama pale nisiamini macho yangu. Maji yalikuwa yanaonekana mpaka chini. Kila jiwe lilionekana. Simba alikuwa anatapika maji meupe, safi, na harufu ilikuwa ya choo kilichooshwa sasa hivi. Ilinichoma puani mpaka machozi yakanitoka. Na ndani kulikuwa na samaki wadogo wa rangi ya machungwa, wote kipimo kimoja, kama karoti zilizokatwa. Walikuwa wamejibana pale maji ya simba yanapoangukia, midomo juu, wakitafuta hewa.

Njoroge alikuwa amevaa suti mpya. Nilimuuliza Askofu yuko wapi. Aliniambia kwamba wale wakubwa wamehamishwa kidogo, wako Karen kwa rafiki yake mwenye kidimbwi kizuri, watarudi shughuli ikiisha. Alinitazama machoni alipokuwa akiyasema hayo, na vidole vyake vilikuwa vinanyoosha tai. Nilimwamini. Nilimwamini kwa sababu ni ndugu yangu, na kwa sababu haikuniingia akilini kwamba mtu anaweza kudanganya kuhusu kitu kama hicho siku kama hiyo.

Halafu upepo ukageuka.

Nilifuata harufu mpaka nyuma ya jikoni, nyuma ya lile tangi la maji ambako huwa tunaweka kuni. Kulikuwa na gunia. Lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani na lilikuwa limelowa upande wa chini, na maji yaliyotoka yalikuwa mazito, ya kahawia, yametiririka mpaka kwenye mtaro. Nzi walikuwa wengi mno. Nilifungua, Baba. Ingekuwa heri nisingefungua, lakini nilifungua. Walikuwa wamesukumwa mle wamekunjwa, mikia imevunjika. Magamba yalikuwa yanabanduka yakishika kwenye vidole vyangu. Doa la Askofu lilikuwa limekuwa la kijivu. Hakuwa na macho. Pale palipokuwa na macho palikuwa panatembea funza.

Nilitapika hapo hapo, juu ya kuni.

Nyambura alitoka jikoni na beseni la viazi vilivyomenywa, akaniona, akaliweka chini. Hakujaribu kuniambia uongo wowote. Alinishika nywele zisiingie kwenye matapishi, akanieleza kwa sauti ya chini. Njoroge alikuwa amekasirika kwa sababu mpiga picha alisema maji ya kijani hayatapendeza. Alhamisi akamleta mtu na mkebe wa dawa ya kusafishia mabwawa ya kuogelea, akamwambia amwage wote. Nyambura alimsihi anipigie simu kwanza. Alijibiwa kwamba Wambui atawaletea maombolezo. Dawa ilipoingia samaki wakaanza kuruka nje, wanagonga mawe. Askofu alikuwa akiruka kila mara, na kila mara yule mtu alikuwa akimrudisha ndani kwa mguu. Kwa mguu, Baba, kwa kiatu. Njoroge alisimama kando akiongea na simu.

Gunia lilikuwa linangoja watu wa taka, na watu wa taka hawakuja.

"Wifi, aliniambia nikifungua mdomo nitamkosesha kiti," Nyambura alisema. "Lakini mimi ndiye niliyeshikilia hilo gunia likiwa wazi. Mikono yangu bado inanuka."

Sikuwa na nguvu ya kufanya lolote. Ibada ilikuwa inaanza. Nilinawa uso, nikaketi kwenye hema, mstari wa mbele, mahali pa familia. Mchungaji aliomba. Tukaimba. Kisha Njoroge akachukua kipaza sauti. Alisema kwamba baba yake alimfundisha kupenda kila kiumbe. Alisema kwamba tangu uondoke, kila asubuhi kabla ya kunywa chai, yeye huwalisha samaki wa baba yake kwa mkono huu, na akauinua mkono. Alisema kwamba mtu anayetunza kidimbwi kidogo anaweza kutunza wadi. Watu wakapiga makofi. Nilitazama mkono ule uliokuwa juu mpaka akaushusha.

Kisha akamkaribisha Anko Harilal aseme neno, kwa kuwa ndiye aliyekupa samaki wa kwanza. Mzee wa watu amezeeka, Baba. Sasa anatembea na fimbo, na dereva wake alimshika mkono mpaka ukingoni. Aliinama akatazama maji. Alitazama kwa muda mrefu, mpaka watu wakaanza kukohoa. Kisha akageuka.

"Hawa mimi siwajui," alisema. "Samaki wa Mwangi wako wapi?"

Njoroge alicheka kwenye kipaza sauti. Akasema kwamba mzee wetu macho yamechoka, tumpeleke kwa dada yangu ampe miwani. Na hema lote likacheka. Anti Wairimu akacheka. Mchungaji akacheka. Anko Harilal alisimama pale na fimbo yake, akitazama nyuso zile moja baada ya nyingine, na nikaona ameanza kujitilia shaka. Akavua miwani akaifuta kwa shati.

Kicheko kile ndicho kilichoniinua. Harufu ya gunia ningeivumilia mpaka wageni waondoke, naamini hivyo. Lakini kumfanya rafiki yako ajione mjinga, mbele ya maji aliyokusaidia kuyajaza samaki! Nilisimama nikachukua kipaza sauti mkononi mwa Njoroge. Hakutarajia, akakiachia.

"Anko Harilal anaona vizuri kuliko sisi sote," nilisema. "Samaki wa Baba wako kwenye gunia nyuma ya jikoni. Waliuliwa Alhamisi kwa dawa ili picha zitoke vizuri. Hawa wameletwa badala yao."

Njoroge alimgeukia mkewe, akamwambia kwa upole, ule upole wake wa kwenye mikutano, awaeleze watu kwamba Wambui amechanganywa na huzuni. Nyambura alikuwa amesimama karibu na sufuria za chakula, na mwiko mkononi. Watu wote wakamtazama. Nilidhani atakubali. Ana watoto, Baba, ana nyumba, hana kwingine.

"Ni kweli," alisema. "Mimi nilishika gunia."

Nilifikiri mtu atasimama. Nilifikiri angalau mmoja atakwenda nyuma ya jikoni akatazame. Hakwenda mtu. Mchungaji alipendekeza tuimbe, wakaimba. Anti Wairimu alinifinya mkono akaniambia nimeivua familia nguo hadharani. Baada ya wimbo wakapanga mstari wa chakula, na nilisikia mwanamume mmoja akimuuliza mwenzake kama samaki wale wakubwa huliwa, na kama ni watamu. Wakapakuliwa. Walikula pilau wakiwa na harufu ile puani, wakaramba vidole, wakarudi kuongeza. Nimeona mengi machafu wiki ile, lakini hakuna kilichonichukiza kama zile taya zilivyokuwa zinatafuna.

Nilitaka kuondoka nisirudi tena. Nilikuwa nimeshika mkoba nilipomwona Anko Harilal amepiga magoti ukingoni, suruali imelowa, anachota samaki wale wadogo kwa bakuli la supu.

"Hawa nao wanakufa, Wambui," alisema. "Lete maji ya Mwangi."

Nitakwambia ukweli, sikuwa na huruma nao. Niliwachukia. Walikuwa wameletwa kuvaa majina ya wengine. Kisha mmoja akapindukia ubavu, akawa anafungua na kufunga mdomo, na nikaona ameungua mapezi. Yeye hakumwomba mtu amlete pale. Nikakimbilia mapipa yako. Yalikuwa yamejaa, maji niliyoyaacha wazi Jumamosi iliyotangulia. Tulichukua mabeseni ya wapishi bila kuomba, tukayajaza, tukawahamisha samaki huku watu wakila nyuma yetu. Njoroge alikuja akasimama juu yangu. Sasa hakuwa na upole.

"Mkiwatoa wote," aliniuliza, "nitazindua nini?"

Dereva wa Anko Harilal alipakia mabeseni kwenye gari wakaondoka kwenda Parklands. Na Njoroge alizindua, Baba. Alivuta kitambaa akazindua jiwe lake juu ya maji matupu, na mpiga picha akainama ili maji yasionekane.

Mimi na Nyambura tulichimba chini ya mparachichi tukiwa na nguo za kanisani. Tuliwafunika Askofu na wenzake kwa udongo mwingi, kisha tukaweka mawe ili mbwa wasifukue. Gunia tulilichoma. Nyambura alinawa mikono, akarudi jikoni kuosha vyombo vya watu wale.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sasa nikwambie tulipofika.

Baadhi ya samaki walikufa njiani, wengine siku zilizofuata. Waliobaki wako kwenye bustani ya Anko Harilal. Mapezi yameanza kuota tena. Nikitoka kazini napitia kule, namkuta mzee amekaa kwenye kiti chake, ananisuta kwamba nimechelewa, na biskuti bado anazifungia kabatini. Jumapili baada ya ibada Nyambura huja pia. Nyumbani Njoroge anakaa naye meza moja bila kumsemesha. Nyambura ameniambia hajaamua kama atabaki au atakwenda kwa mama yake Nyeri, na sijamsukuma. Anakaa ukingoni akitupa chembe za chakula moja moja. Ni mtu mzuri, Baba. Nadhani hatukumjua.

Picha za Njoroge zimebandikwa ukutani kuanzia Kawangware mpaka Barabara ya Ngong. Amepiga magoti kando ya kidimbwi chako, mkono unagusa maji, anatabasamu. Chini imeandikwa: Anayejali Kila Kiumbe. Naipita asubuhi na jioni. Nimejaribu kupitia njia nyingine, nikaikuta huko pia.

Jambo lililonitesa zaidi ni kwamba nilikuwa nimepoteza huzuni yangu. Nilikuwa nikijaribu kukukumbuka, na badala ya uso wako linakuja gunia. Nilianza kukuogopa, Baba. Nilikuwa nikiona picha yako ukutani nasikia kichefuchefu. Hilo ndilo sitaki Njoroge alijue kamwe, kwamba alifanikiwa kunifikia hata huko. Halafu Jumamosi iliyopita nilikuwa nasugua mawe kwa Anko Harilal, mkono wote ndani ya maji, na samaki mmoja akaja akanigusa kidoleni. Akaondoka, akarudi. Nikaanza kulia. Nililia kwa sauti, brashi mkononi, na nilikuwa nakulilia wewe, wewe tu, kikohozi chako, kofia yako ya kazini, unavyosema jina langu. Anko Harilal alijifanya anasoma gazeti.

Jana Njoroge alinipigia simu. Mara ya kwanza tangu siku ile. Nilidhani anaomba msamaha, na moyo wangu huu mjinga ukaruka. Alisema kwamba wiki ijayo kuna wageni wakubwa wa chama wanakuja nyumbani na wameisikia habari ya kidimbwi. Akaniomba nimrudishie samaki wachache, kwa siku moja tu, kisha nitawachukua. Akaongeza kwamba Baba angetaka tuungane.

Nilimwambia hapana. Akauliza kwa nini nina roho ngumu hivyo. Nilimwambia kwamba wale si samaki wa Baba, si wake, na si wa chama, na kwamba asinitajie tena Baba angetaka nini. Kisha nikazima simu, nikaenda bafuni nikasukutua mdomo kama niliyekula kitu kibaya.

Siwezi kukuahidi kwamba nitamsamehe, Baba. Najua barua za namna hii huishia hapo, na labda wewe ungependa. Kwa sasa nikijaribu, tumbo linakataa. Siwezi kukuahidi pia kwamba nitatunza kidimbwi cha Riruta, maana kimebaki shimo lenye simba. Ninachokuahidi ni kimoja, na nimekipima nikaona nakiweza. Mtu yeyote akisimama mbele ya watu akauvisha uongo wake jina lako, awe ndugu yangu, awe mchungaji, awe nani, nitasimama na mimi nimkanushe. Hata kama wote wataendelea kula.

Lala salama, Baba. Nafungua dirisha sasa.

Wambui